Sange na Ulimi Mnene wa Zumari

Enyi mliokaa, nitie ngano?

Tia, tumetega masikio.

Na nikitia chumvi?

Tutaila hivyo hivyo.

Hapo kale Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alirithi zumari ya bibi yake. Bibi alikuwa akipulizia ulimi mwembamba wa ukindu, ule unaochomekwa mdomoni mwa zumari itoe sauti, na Sange aliuzoea huo tu. Akiugusa kwa midomo, nyee, unaitika.

Mwalimu wa zumari pale mtoni alikuwa mmoja, Kiboko. Kanuni yake ilikuwa hii: mwanafunzi apulize ulimi wa mwalimu harusini, mbele ya watu. Akishindwa, zumari yake inabaki kwa mwalimu. Kiboko alikwisha kukusanya tisa, akizilalia kama mayai.

"Mwalimu, ulimi wako mnene kama kandambili," Sange alisema siku ya kwanza.

"Huu ndio ulimi. Huo wa bibi yako ni wa kuchokolea meno."

Sange akapuliza. Fff. Akakaza midomo. Fff. Akalegeza, akavimbisha mashavu. Fff. Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni.

Sange akaomba kwenda nao nyumbani. Akaulilia mchana kutwa, machozi yakaulowesha. Alipopuliza kwa hasira, nyaaa, ukasema. Kumbe kinywa cha Kiboko kimejaa mate siku zote, yeye hana haja ya kuloweka kitu. Wanafunzi huwapa mkavu makusudi. Sange akauanika ukakauka, akaurudisha, asimwambie mtu.

Ikafika harusi ya binti wa Bi Kanga. Kiboko akamkabidhi ulimi ule mnene, mkavu kama kuni.

"Haya, kidude, anza. Zumari yako nimeshaitengea nafasi."

Sange akainama. "Mimi nimtangulie mkubwa, mwalimu? Watasema bibi hakunilea. Anza wewe, na huu wa kuchokolea meno, watu waone kama unakushinda."

"Unishinde mimi? Ukinishinda, chukua zumari zote tisa. Bi Kanga ni shahidi."

Kiboko akauchomeka ulimi mwembamba kwenye zumari yake. Sange akautia ule mnene shavuni, akitikisa kichwa kwa adabu.

Kiboko akapuliza kwa kifua chake chote. Ulimi ukajifunga. Fff. Akazidisha. Fff. Akazidisha tena, macho yakamtoka, ulimi ukapasuka. Akavuta pumzi, na glu, akaumeza.

"Mwalimu ameshiba," akasema Bi Kanga. "Sasa bibi harusi atatolewa na nani?"

Sange akautoa ulimi shavuni, umelowa vizuri. Akauchomeka, akakaza midomo, akajaza mashavu. Nyaaa, nya-nyaa. Watu wakacheza mpaka vumbi likaingia kwenye pilau. Akarudi kwao na zumari tisa mgongoni, na ya bibi mkononi.

Basi, wadogo zangu, ngano hii inatufundisha kwamba mwalimu hakosei kamwe. Tena tuwe na heshima: popote penye jambo, tumpishe mkubwa atangulie.

Ngano imeliwa ikaisha. Aliyeshiba ajifute mdomo, mwenye njaa apike yake.