Kiti Kimoja, Kazi ya Watu Watatu

Kaeni vizuri niwape kesi. Mimi mwenyewe nimeigeuza huku na huku, nikashindwa kuikata.

Mjini Singida palikuwa na taasisi ndogo ya utafiti wa maji na afya. Humo walifanya kazi wasimamizi watatu wa utafiti, yaani watu wanaohangaikia vibali, ripoti na makaratasi ili mtafiti apate nafasi ya kutafiti. Wa kwanza ni Kokubelwa, wenzake wakimwita Koku. Kipaji chake kilikuwa kuandika. Umpe jambo lililovurugika, ataliandika mpaka lieleweke. Wa pili, Sifaeli, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Karatasi ikipita mikononi mwake mara moja, hata baada ya miaka minne angekuambia imo kabati gani. Wa tatu ni mama Mwantumu, aliyewazidi wote umri, na yeye alijua kusikiliza. Waliomkasirikia asubuhi walimkaribisha chakula mchana.

Mwaka mmoja watafiti walikuwa wakichunguza visima vya kijiji fulani, ambavyo maji yake yalikuwa yakipindisha miguu ya watoto. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanatolewa damu bila wao kuelezwa vizuri. Kamati ya maadili ikasimamisha utafiti na kutoa siku kumi na nne: zioneshwe fomu za ridhaa za watoto wote, wazazi waseme wenyewe kama wanataka kuendelea, na uandikwe utaratibu mpya wa kuwalinda watoto. Likikosekana moja, utafiti ufungwe.

Sifaeli akaingia stoo. Fomu mia tatu na kumi zilikuwa zimechanganyika na mafaili ya miradi iliyokwisha zamani. Alizitoa moja moja, akikohoa vumbi, siku tisa. Mbili hazikupatikana, naye hakuficha. Aliandika majina ya watoto hao ili waondolewe kwenye utafiti, na kamati ikaridhika.

Mama Mwantumu akaenda kijijini. Siku ya kwanza akina mama walimwacha amesimama juani. Siku ya pili mmoja akamtolea kigoda. Hakuwatetea watafiti hata kidogo. Alisema tu, "Nimekuja kuambiwa." Wakamwambia siku tano nzima. Siku ya saba wakakubali utafiti uendelee, ila mtoto akitolewa damu, mama yake awepo.

Koku akabaki ofisini na kurasa tupu. Aliandika utaratibu, kamati ikaukataa. Akaandika wa pili, ukarudishwa. Wa tatu ulipita siku ya kumi na nne, saa moja tu kabla ya ofisi ya kamati kufungwa.

Utafiti ukaendelea. Visima viwili vibaya vikafungwa, kijiji kikachimbiwa kingine chenye maji salama.

Miezi ikapita. Chama cha wasimamizi wa utafiti kikatangaza nafasi moja kwenye bodi yake, kila taasisi ipeleke jina moja. Mkurugenzi alipomuuliza Sifaeli, akajibu kwamba kusimama mbele za watu hakuwezi. Mama Mwantumu alikuwa safarini, simu yake haipatikani.

"Basi jaza wewe, Koku," mkurugenzi akasema. "Mwisho ni leo."

Fomu ilitaka aeleze kazi moja aliyoifanya. Koku akaandika "tulizitafuta fomu," akafuta. Aliona ataonekana mtu wa kujificha nyuma ya wenzake. Akaandika "nilizitafuta." Chini yake akaandika "niliwasikiliza wazazi." Akajiambia atasawazisha atakapokuwa mbele ya wajumbe wa chama.

Mkutano wa uchaguzi ulifanyika Dodoma. Alipomaliza kujieleza, mjumbe mmoja akauliza, "Uliwaambia nini wale akina mama mpaka wakakubali?"

Hapo ndipo pa kusawazisha. Koku akajisikia akijibu, "Niliwaambia nimekuja kuambiwa."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama Mwantumu, aliyekuwa amerudi safarini na kuja kumshangilia mwenzake, alikuwa ameketi safu ya tatu. Naye akapiga, mara mbili tatu, kisha akaiweka mikono mapajani.

Koku akashinda.

Jumatatu yake mama Mwantumu alimletea chupa ya asali. "Hongera, mwanangu," akasema, akaenda zake. Hakumlaumu, wala hakumkazia macho. Koku aliitazama ile asali wiki nzima asithubutu kuifungua. Kila aliyempa mkono wa pongezi, Koku alimwona kama anayemshika akiiba. Mwishowe akampigia simu mwenyekiti wa chama, akaeleza yote bila kujitetea.

Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho. "Wajumbe waliipigia kura ile kazi," akasema. "Katiba yetu inairuhusu taasisi kubadilisha jina, nami nawapa siku saba kuanzia leo. Kaeni wote watatu mniletee jina moja. Mkishindwa, kiti kinakwenda kwa wengine."

Wakakaa. Koku akasema, "Nimewakosea. Jina langu naliondoa."

Sifaeli hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile alipaza. "Nilikataa kusimama mbele za watu, ni kweli. Sikusema vumbi nililolila lihesabiwe kuwa lako! Sasa nakitaka hicho kiti, na kusimama nitajifunza."

"Wewe angalau uliulizwa," mama Mwantumu akasema. "Mimi hata kuulizwa sikuulizwa. Na ukumbi ule ulipiga makofi kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu." Akamgeukia Koku. "Lakini huyu asingejaza fomu, leo tusingekuwa na cha kugombania. Na ile simu hakuna aliyemlazimisha kuipiga."

"Usinitetee, mama," Koku akasema, machozi yakimlenga. "Nakuomba."

"Sikutetei. Nasema yaliyotokea."

Siku ya saba ikafika. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa, imebaki nafasi ya jina tu, na hakuna kati yao aliyeisogelea.

Haya, mmesikia. Yupo Sifaeli, aliyeipisha nafasi kisha akaitaka. Yupo mama Mwantumu, ambaye maneno yake ndiyo yaliyoleta kura. Yupo Koku, aliyejitwalia ya wenzake, kisha akayarudisha kwa hiari yake. Pasipo mmoja wao, watoto wale wangekuwa bado wanakunywa maji yaleyale. Ninyi mngeandika jina la nani?