Gari Lisilokunywa Petroli

Bi Sikudhani alichuuza maji kwa mkokoteni wa punda, na mwaka ule wa ukame majani mabichi yalibaki mahali pamoja tu, bustani ya ofisi ya Bwana Luhende, afisa wa usajili wa magari.

"Nikimwona tena punda wako hapa, namchukua moja kwa moja!" alifoka Luhende.

Bi Sikudhani akaomba radhi, akaondoka.

Wiki hiyo serikali ikataka orodha ya magari yote yasiyotumia petroli wala dizeli. Luhende aliagizwa kuandikisha kumi. Siku ya mwisho alikuwa na tisa.

"Na langu je?" akauliza Bi Sikudhani, aliyekuja kuuza maji ofisini. "Lina magurudumu, na petroli halijapata kuionja."

Luhende akacheka, akampa fomu. "Nishati, andika majani. Kwingine jaza mwenyewe, mama, upesi! Likishaandikishwa, hakuna wa kulizuia kujaza nishati kituoni kwake."

"Hata wewe?"

"Hata mimi!" Akagonga muhuri bila kusoma.

Kesho yake punda alikuwa katikati ya bustani, anatafuna. Luhende akatoka mbio na fimbo. Bi Sikudhani akamnyooshea fomu.

"Soma taratibu, mwanangu. Kituo cha kujazia: bustani ya Bwana Luhende. Ngoja kidogo, tanki halijajaa."