Mama Alipomkaribisha Mamba

Mko?
— Tupo!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Masikio mmekuja nayo?
— Haya hapa, mawili mawili!

Basi yashikeni, maana hawa wawili nimewakuta wanagombana tangu alfajiri.

"Siendi, mama. Nimesema siendi."

"Utaenda. Nimekulea mpaka meno yako yamekuwa marefu kuliko yangu, na hujanitembeza hata siku moja."

"Nchi ya watu ile! Ukipotea nitamuuliza nani?"

"Nipotee mimi? Mimi niliyekufundisha wewe kutembea?"

"Wale wana sheria zao, mama."

"Na mimi nina adabu zangu. Nipe kikapu."

Mwenye adabu zake alikuwa Bi Kidawa, pimbi wa majabali. Anayegoma alikuwa Siwema, bintiye, mtu mzima sasa, lakini ana hofu tangu kuzaliwa. Jani likidondoka, Siwema anamtazama mama yake kama miguu yote minne bado ipo. Na pimbi mnawajua, wanyama wadogo, wa mviringo, hata mkia hawakupewa.

Bi Kidawa alitaka jambo moja tu kabla hajazeeka. Alitaka kuvuka mpaka, aingie Nchi ya Mtoni, atembee, ale vyakula vya kule, arudi jioni. Siku moja tu. Siwema akashindwa. Wakajaza kikapu ukwaju wa kubadilishana na chakula, wakashuka majabali, tapu tapu, tapu tapu, mpaka kwenye lango la mpaka.

Mlinzi wa lango, Bwana Kobe, akawaambia, "Jua likizama nafunga. Atakayebaki ndani, atalala ndani."

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Tembea."

Wakatembea. Wakaona maporomoko, yanasema buuu! buuu! Bi Kidawa akapiga makofi. Siwema akatazama jua. Wakaona kichuguu cha mchwa chenye vilele saba. Bi Kidawa akakizunguka mara mbili. Siwema akatazama jua. Wakafika sokoni, Bi Kidawa akanusa huku, akanusa kule. Siwema akatazama jua.

"Wewe umekuja kutazama jua?" mama akamuuliza. "Kwetu halipo?"

Wakaketi kwa Bi Bata, mama lishe, anayepika mihogo kwa nazi. Bi Kidawa akatoa ukwaju, akapewa sahani mbili zinazofuka moshi. Akamega. Akafumba macho. "Mwanangu," akasema, "hata nikifa leo."

"Usiseme hivyo, mama!"

Mara, buru, buru, buru, mkia unaburutwa vumbini. Mamba huyo, anapita zake. Soko zima likainamisha macho. Wauzaji wakafunika vyungu. Lakini Bi Kidawa alikuwa na adabu zake. Kwao majabalini, mtu akipita unakula, unamkaribisha, naye anajibu "Ahsante, nimetoka kula," hata kama ana siku mbili hajatia kitu mdomoni. Basi Bi Kidawa akainua uso, akatabasamu, akasema:

"Karibu, baba! Karibu tule!"

Bi Bata akaangusha mwiko.

Mamba akasimama. Akageuka polepole. "Umeniita?"

"Karibu, baba," akasema Bi Kidawa, akingoja ile ahsante.

Mamba akaketi. Gubu! Sahani ya kwanza imekwenda. Gubu! Ya pili imekwenda.

Bi Bata akamvuta Siwema pembeni. "Dada, mama yako kafanya nini? Huku kwetu ukimwita mtu chakulani, umemwita kweli. Unamlisha mpaka ashibe. Kila sahani ikiisha unamuuliza, 'Umeshiba, mgeni?' Akisema bado, unaongeza."

"Na ukwaju wetu ukiisha?"

Bi Bata akamtazama Bi Kidawa, miguuni mpaka kichwani. "Akiwa bado hajashiba, anamla aliyemwita."

Siwema akamshika bawa. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Ukimuuliza mara tatu mfululizo asiseme bado, ameshiba, anaondoka zake. Lakini yule, dada yangu, sijawahi kumsikia amekosa kusema bado."

Siwema akarudi kwa Mamba. Akajitia ujasiri. "Umeshiba, mgeni?"

"Bado!"

Ukwaju ukatoka, mihogo ikaja. Gubu!

"Umeshiba, mgeni?"

"Bado!"

Ukwaju ukatoka, maharage yakaja, sufuria nzima. Gubu!

"Umeshiba, mgeni?"

"Bado!" Mamba akacheka, akamtazama Bi Kidawa. "Pimbi ni tonge moja tu. Lakini tonge la mwisho ndilo tamu."

Sasa Bi Kidawa akaelewa. Akashika mkono wa binti yake. Hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha Siwema kuliko yote, maana tangu azaliwe hajamwona mama amekosa la kusema.

Jua limeshuka. Kikapuni umebaki ukwaju wa gao moja, wa kujaza kiganja tu.

Siwema akakimbia huku na kule sokoni, anatafuta, hajui anatafuta nini. Akamkuta Kima, muuza mafenesi. Kima anapasua fenesi, mikono imejaa mafuta mpaka viwikoni.

"Mafuta yote hayo ya nini, kaka?"

"Utomvu, dada. Ukishika fenesi bila mafuta, vidole vinagandana mpaka kesho. Mimi nawasafishia wateja, wao wanakula tu."

"Hata Mamba unamsafishia?"

"Kwanza yeye! Huyo hata utomvu haujui ulivyo."

Siwema akaonyesha chini ya meza. "Nipe lile."

"Lile bichi! Linavuja!"

"Hilo hilo. Usiliguse na mafuta. Lipasue tu, ulifunge kwenye jani."

Akaweka gao la mwisho la ukwaju mezani. Akarudi na fenesi lake. Alipofika karibu na Mamba akanong'ona, lakini mnong'ono wa kusikika: "Mama, lifiche hili. Tutalitafuna wenyewe njiani. Akilionja huyu hatatuachia."

"Lipi hilo?" Mamba akainua kichwa.

"Si kitu, baba. Ni fenesi la wasafiri. Utamu wake hautoki mpaka ulitafune sana, na wewe una haraka."

"Nani kakwambia nina haraka? Lete!"

"Baba, tuachie basi hata kokwa."

"Lete lote!"

Akalipokea, akalitia mdomoni na jani lake. Akatafuna. Nyam, nyam. Akatafuna tena. Nyam, nya... nya... Utomvu ukatoka juu, utomvu ukatoka chini, ukajaa kwenye meno yote, na meno ya Mamba si machache. Kwap! Mdomo ukagandana.

Siwema akasogea.

"Umeshiba, mgeni?"

"Mmm!"

"Umeshiba, mgeni?"

"Mmmm! Mmmm!" Mkia unapiga chini, pwa! pwa! pwa!

Siwema akatazama ule mdomo, akaona pembeni unaanza kuachia kidogo, uzi mmoja wa utomvu, nyuzi mbili. Akasema harakaharaka:

"Umeshiba, mgeni?"

"Mmmmmm!"

Bi Bata akaruka juu ya meza. "Enyi watu wa sokoni! Mmesikia bado?"

"Hatujasikia!"

Na nyie hapo, mmesikia?
— Hatujasikia!

Basi ameshiba. Siwema hakungoja kuaga. Akamshika mama mkono, tapu tapu tapu tapu tapu, huku nyuma Mamba anasugua mdomo kwenye mchanga, na mchanga nao unanata. Walifika langoni Bwana Kobe anasukuma mlango. Bahati yao, Kobe ni Kobe. Wakapenya.

Hadithi yangu imefika kwenye majabali, imejikunja, imelala. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka aniachie nilale nayo.

Na funzo lake, watoto, ni hili: kila apitaye mkaribisheni chakula, msiangalie ni nani. Adabu haijawahi kumponza mtu. Na mama akisema twende, twendeni, kwa kuwa mama anajua.

Ngojeni, nimesahau kuufunga mlango wa hadithi. Njia nzima Bi Kidawa hakusema neno, mpaka Siwema akaamini safari zimemtoka moyoni. Walipofika nyumbani mama akasimama kizingitini, mkono uko mlangoni, hataki kuingia. Akageuka kule walikotoka, akasema:

"Siwema, lile fenesi hata kulionja hatukulionja. Lini twende tena?"