Uzi Unaonata Majini

Mtu mmoja alikuwa na mabinti wawili na mfereji mmoja. Alipofariki, shamba liligawanywa bila kelele: la juu kwa Namkunda, mkubwa, la chini kwa Nakijwa, mdogo. Mfereji haukugawanyika. Maji yalitoka mtoni kwenye banio, ule ukuta mfupi wa mawe unaoyageuza yaingie mferejini, yakapita kwa mkubwa ndipo yakafika kwa mdogo.

Waliogawanyika ni wao wenyewe. Nakijwa alichelewa kufika msibani, na dada yake akasema mbele ya watu waliokuwa wakipakua chakula: "Huyu hakuja kuzika, kaja kula pilau." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha aibu. Nakijwa hakujibu. Hakujibu siku hiyo wala mwezi uliofuata, na miaka miwili ikapita wakipishana njiani kama abiria wasiojuana.

Washauri Nakijwa hakuwakosa. "Mwache dada yako apoe, mwanangu," shangazi alimwambia. Mama mchungaji naye akamwambia angoje hasira iishe, ndipo wakae wazungumze. Wote walisema kwa upendo, na wote walisema yaleyale. Nakijwa akangoja. Alingoja kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kungoja.

Mwaka wa tatu masika yalikuja kwa kishindo, yakabomoa banio, kisha mvua zikakatika ghafla maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Shambani majani yanasinyaa. Mtoni maji yamejaa tele, yanaupita mfereji mkavu kama hayaujui. Hapo napo akaambiwa angoje. Saruji haishiki kwenye jiwe linalopigwa na maji, acha mto upungue kwanza. Mfuko wa saruji ulikuwepo stoo. Alipoufungua aliukuta umeingia unyevu na kuganda mzima mzima. Ulikuwa umengojea ukavu mpaka ukawa jiwe, na hakuna kitu ulichokishika ila wenyewe.

Akateremka mtoni peke yake. Alijaza viroba changarawe, akajaribu kuvipanga mahali ukuta ulipobomoka. Kila alichokiweka, akigeuka tu kuchukua kamba, maji yalikibeba. Kiroba cha nne kilipokwenda, alikaa juu ya mwamba akalia, wala si kwa ajili ya maharage peke yake.

Ndipo akaona, pembeni, mahali maji yalipokuwa na kina cha kiganja, kijibomba cha changarawe kisichozidi urefu wa ukucha, kimeng'ang'ania jiwe. Ndani yake mlikuwa na kidudu laini, mtoto wa mdudu ambaye akikomaa ataota mbawa. Kijibomba kilikuwa kimevunjika upande mmoja. Kidudu kikatoa kichwa, kikashika chembe ya mchanga kwa miguu ya mbele, kikaigeuza, kikaibandika. Uzi ulitoka mdomoni mwake. Hakikukausha kitu. Chembe ilikuwa imelowa, ukuta umelowa, uzi wenyewe ulizaliwa ndani ya maji, na ukanata. Wanaovichunguza vidudu hivi wanasema uzi ule ni nyuzi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Nakijwa hakulijua hilo. Yeye aliokota tu kijibomba kingine, kitupu, kilichokuwa kimekauka juani juu ya mwamba. Akakibonyeza kidogo kwa vidole. Kikapasuka kama ganda la karanga.

Akainuka. Hakupitia nyumbani kubadilisha nguo. Alipanda mpaka kwa dada yake akichuruzika maji, na hasira yake yote kifuani, haijapungua hata punje. Namkunda alikuwa uani anapepeta mahindi.

"Dada, bado nimekukasirikia," Nakijwa alisema, "lakini njoo unishikie kiroba."

Namkunda alimtazama, ungo mkononi. Maharage yake nayo yalikuwa yanakufa. Yeye naye alikuwa ameambiwa na watu wazima amwache mdogo wake apoe. Akauweka ungo chini, akajifunga khanga kiunoni.

Waligombana mtoni toka saa nne asubuhi mpaka jua likaanza kuinama. Mmoja alishika, mwingine alifunga kwa kamba za mkonge, ambazo zikilowa ndipo hukaza, na midomo haikupumzika.

"Mbele ya watu, dada! Na hilo pilau lenyewe sikuambulia, nilipewa ukoko!"

"Hata huo ukoko hukuustahili! Baba alikuita siku tatu, mimi namdanganya kwamba uko njiani. Shika huko, kinakwenda!"

Nakijwa alishika. Maji yalimpiga kifuani. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Sikuambiwa kwamba ananiita, dada. Simu ilinifikia ameshakwenda."

Namkunda akaacha kufunga. "Nilidhani umeambiwa," alisema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko mto. Kisha akainama akakaza fundo lile, akakaza na jingine lisilohitaji kukazwa.

Jioni maji yaliingia mferejini, machafu, membamba, yakapita kwa mkubwa yakafika kwa mdogo. Nusu ya maharage ilipona. Kesho yake dada hao waligombana tena, safari hii kuhusu zamu ya maji, huku wakinywa uji katika jiko moja.

Sasa, enyi mnaowashauri waliokosana wangoje mto ukauke ndipo washikane: mto ukishakauka, banio litageuza maji gani?