Zimwi Lililomtaka Asiye wa Hapa

Sogeeni, nipeni masikio yenu, na aliyesinzia mwamsheni.

Palikuwa na mji wa watu wa kila kabila, na kisima kimoja tu. Siku moja zimwi likaingia kisimani, likayazuia maji, likanguruma: "Naapa, nitamla asiye wa hapa, ndipo maji yarudi. Nileteeni!"

Watu wakaanza kutupiana jicho la pembeni. Mwishowe macho yote yakamwangukia Mize, mfinyanzi, ambaye babu yake alitoka ng'ambo ya milima.

"Mimi nimezaliwa hapa!" Mize akalia. "Machano, si tumenyonya ziwa moja?"

Machano, jirani yake, akainamisha uso, kisha akamshika mkono, akamburura hadi kisimani.

Zimwi likamnusa miguu. "Vumbi la hapa." Likamnusa mikono. "Udongo wa hapa." Likasikiliza kilio chake. "Ulimi wa hapa. Huyu siye! Leteni mwingine!"

Watu wakarudi nyuma, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Mize akafuta machozi, akauliza, "Na wewe zimwi, umezaliwa wapi?"

Zimwi likajinusa. Halikuwa la hapa, na lilikuwa limekwisha kuapa. Likala mkia wake, likala miguu yake, likala kiwiliwili, kikabaki kinywa, nacho kikajimeza. Maji yakabubujika.

Jioni Machano akaja na ndoo ya maji, akabisha hodi. "Ndugu yangu, fungua."

"Weka hapo nje," Mize akajibu. Akangoja mpaka nyayo zimepotea, akafungua mlango, akayamwaga maji yale, akaenda kuchota yake.

Hadithi yangu imefika kwao; nanyi nendeni kwenu.