Choo cha Sikudhani, Kizimba cha Nani?

Haya, sogeeni karibu. Wewe mwenye karanga malizia kabisa, mimi sishindani na maganda. Niegemezeeni magongo yangu hapo ukutani. Ahsante. Sasa nina fundo mkononi, nikilitupa mnalidaka? Sisikii! Mnalidaka? Basi hilo linakuja, na atakayelifungua mbele ya wote hapa, nitamwita mwalimu mpaka nife.

Palikuwa na soko, soko la Mtamboni, na ndani ya soko hilo palikuwa na watu watatu.

Wa kwanza ni Sikudhani, muuza viungo. Miguu yake ililala tangu utotoni, akawa anatembelea kiti cha magurudumu, ila ulimi wake ulikuwa macho saa zote. Ukiusema vibaya mdalasini wake, unarudi nyumbani umesemwa wewe na ukoo wako.

Wa pili ni Fundi Chambuso, mwashi. Mkono wake, mashallah! Ukuta akiujenga yeye, hata timazi haina la kusema. Tatizo lake moja tu: alijua kuwa anajua.

Wa tatu ni Bi Mwajabu, mama lishe. Pilau yake ikifunuliwa, hata aliyekwisha kula anasikia njaa upya. Kipaji chake kingine mwenyewe hakukijua. Mtakiona.

Sikudhani alikuwa na jambo. Kila siku adhuhuri, wateja ndio kwanza wanamiminika, yeye anafunga viroba vyake anaondoka. Bi Mwajabu akimpelekea sahani na glasi ya maji, jibu ni lile lile: "Nimefunga, shoga."

"Kila siku umefunga? Una nadhiri gani wewe?"

"Yangu nayajua mwenyewe."

Bi Mwajabu akarudi na sahani yake, amenuna. Moyoni anasema, huyu analidharau sufuria langu.

Mnajua kwa nini Sikudhani alikuwa hanywi? Anywaye huenda haja, na choo cha soko kilikuwa chembamba, kiti hakipiti mlangoni. Basi, ni hilo tu. Na hakumwambia mtu, maana kwetu mwanamke mzima hatangazi habari za chooni. Alivumilia mpaka akaugua, akalazwa. Daktari akamwambia, "Mama, kunywa maji mchana kutwa. Kama sokoni huwezi kunywa, liache soko. Figo hazina spea." Na soko ndilo lililomfanya awe mtu wa kujitegemea. Aliache aende wapi?

Bahati nzuri, wakati huo huo soko liliamua kujenga choo kipya cha watu wote, na kazi akapewa Chambuso. Sikudhani akasema moyoni, nitastahimili mpaka kiishe.

Kikaisha. Siku ya kukifungua ungependa! Vigae vyeupe vinang'aa, mlango umechorwa picha ya kiti cha magurudumu kwa rangi ya buluu, wanawake wanapiga vigelegele. Mwenyekiti wa soko, Mzee Mhando, akasema, "Sikudhani, ingia wewe wa kwanza." Sikudhani akasukuma magurudumu yake mpaka mlangoni, akakwama hapo.

Ngazi. Chambuso alikuwa amekiinua choo ngazi nzima kutoka chini, na juu ya ngazi akaweka kizingiti. Msimcheke! Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo mafundi wetu wote wanavyojenga: choo kiinuliwe, ili maji ya kutawadha yasitambae njiani. Kama choo, kilikuwa choo kizuri sana. Alimsahau mwenye kukihitaji, basi.

"Si kitu," akasema Chambuso. "Vijana wapo, watakunyanyua."

"Fundi," akasema Sikudhani, "wewe ukibanwa huwa unaitisha vijana?"

Watu wakacheka, ila mwenyewe hakucheka. Akakigeuza kiti akawatazama.

"Mnaniona naondoka adhuhuri mnadhani naringa. Sinywi maji tangu alfajiri kwa sababu sina pa kwenda. Ndicho kilichonilaza hospitali. Nimeambiwa ninywe maji au niliache soko. Nimeungoja mlango huu kama watoto wanavyongoja Idi. Leo umefunguliwa, na mimi bado niko nje."

Wanaume wakatazama viatu vyao. Jamani, mnajua inavyouma kuyasema hayo mbele ya wateja na wakwe? Mimi najua. Nilimheshimu mwanamke yule hapo hapo.

Kisha akahamia benchini akamwambia Chambuso, "Haya, keti kwenye kiti changu. Uingie wewe."

"Lete!" akasema Chambuso, kifua mbele. Wakaweka ubao kwenye ngazi, akaingia. Mlango ulikuwa unafungukia ndani. Kiti kikauzuia, haufungi. Akataka kugeuka, akagonga ukuta. Akatafuta bomba, liko juu nyuma ya mgongo wake. Na soko zima linamtazama, mlango wazi.

"Nitoeni!" akapiga kelele. Wakamtoa, jasho linamchuruzika.

Watu walingoja visingizio. Chambuso akaenda kuchukua nyundo kubwa. Vigae vile alivyovipanga kimoja kimoja, akawa anawaonyesha hata wapita njia, akaanza kuvivunja mwenyewe.

"Chambuso, una wazimu?" akauliza Mzee Mhando. "Choo kimefunguliwa leo hii!"

"Kimefunguliwa kwa nani, Mzee wangu? Niache."

Ngazi na kizingiti akaviondoa. Sakafu akailaza ielekee kona ya nyuma, maji yakawa yanakimbilia huko yenyewe. Mlango akaugeuza ufungukie nje. Bomba akalishusha. Vyuma vya kushikia hakuvipima kwa futi, alimwita Sikudhani.

"Hapa?"

"Shusha. Unanijengea mimi au twiga?"

"Hapa?"

"Hapo hapo, fundi wangu."

Lakini chumba kilibaki kidogo. Kiti kinaingia, hakigeuki. Upande mmoja ni barabara. Upande wa pili, nyuma ya ukuta, ni kizimba cha Bi Mwajabu, kibanda chake cha kupikia, alichokipata kwa kura baada ya kupikia juani miaka mingi. Na mila ya Mtamboni ni hii: kizimba cha kura hakinyang'anywi, hata na mwenyekiti.

"Msiniangalie mimi," akasema Bi Mwajabu. "Siondoki. Nimepikia mvuani mpaka pilau ikawa uji. Mimi basi."

"Mwacheni," akasema Sikudhani. "Ni haki yake."

Bi Mwajabu akarudi jikoni kwake. Akapakua chakula, na kwa mazoea akajaza glasi ya maji ya kumpelekea Sikudhani. Alipofika katikati ya njia akasimama, anaiangalia ile glasi.

"We Sikudhani," akasema, "kumbe ile saumu yako yote ilikuwa choo?"

"Ndiyo, shoga."

"Na mimi nikakununia mwaka mzima, nikijua unalidharau sufuria langu!"

Akarudi, akazima moto, akaanza kutoa mafiga yake nje. "Chambuso, vunja ukuta," akasema. "Na uvunje sasa hivi, usinipe muda wa kufikiri."

Choo kikaisha mara ya pili. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walikuwa wanangoja. Adhuhuri ikafika, Sikudhani hakufunga viroba. Akaita, "Shoga, niletee maji. Ile glasi kubwa."

Akanywa yote. Akaitisha nyingine, akanywa. Baada ya muda akasukuma magurudumu, kichwa juu, akaingia, akageuka, akauvuta mlango mwenyewe, na watu wakasikia komeo likifungwa kwa ndani. Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka! Bi Mwajabu alilia waziwazi, na Chambuso akasingizia vumbi la saruji.

Sasa ndipo fundo linapokaza. Kizimba cha kwenye lango la soko, kizuri kuliko vyote, kilikuwa kimebaki wazi. Aliyekuwa nacho amerudi kijijini kwao. Wafanyabiashara wakakubaliana: apewe yule aliyetuletea choo. Na awe mmoja, maana kuchangia kizimba kulishawahi kuleta ngumi, wakaapa hakuna tena.

"Ni changu," akasema Sikudhani. "Nisingevua haya mbele yenu, mngepiga vigelegele mkaenda kula. Na huko ndani nilipo, watu wakijaa kiti hakipiti."

"Ni changu," akasema Chambuso. "Nani alishatawadha kwenye maneno? Nimevunja kazi yangu kwa mkono wangu, na sasa watu wanasema Chambuso hujenga akabomoa. Kazi siitwi. Nipeni pa kuuzia vifaa."

"Ni changu," akasema Bi Mwajabu. "Wewe ulitoa maneno na ulimi unao. Wewe ulitoa jasho na mkono unao. Mimi nilichotoa kimekwenda, narudi kupikia mvuani."

"Ungemwachia nani kizimba chako, kama mimi nisingesema?" akauliza Sikudhani.

"Na kizimba hicho kingefaa nini, kama ngazi ingebaki?" akauliza Chambuso.

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Siku ile walikula sinia moja, wote watatu. Lakini ufunguo wa kizimba ni mmoja, na mpaka leo Mzee Mhando anatembea nao mfukoni.

Basi nimelitupa. Nawapenda wote watatu, nami nimeshindwa kuchagua. Je, wewe ungeamua vipi?

Bishaneni, nawasikiliza. Koo langu limekauka kwa maneno, na naona mmeniwekea maji hapa, Mungu awalipe. Ila kabla sijayagusa, mmoja wenu aende akaangalie mlango wa choo cha hapa, ayakumbuke na magongo yangu, kisha arudi aniambie: ninywe, au nami nimefunga?