Mstari wa Upande wa Msitu

Mkulima mmoja alirithi shamba la baba yake, na shamba lenyewe, wapendwa, lilikuwa mahali pagumu. Upande wa juu kulikuwa na msitu mkubwa wa hifadhi, wenye tembo. Katikati ya hifadhi na shamba kulikuwa na ukanda wa ardhi ya watu wa msituni, wale waliokuwako kabla hata hifadhi haijaitwa hifadhi, wanaoishi kwa asali na uyoga.

Sasa pale palikuwa na desturi. Mkulima akivuna, mstari wa mwisho kabisa wa mahindi, ule wa upande wa msitu, haugusi. Ni wa majirani, watakuja kuuvuna wenyewe. Baba yake alifanya hivyo, babu yake pia, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Yeye akauliza. Ghala lilikuwa limepungua, na watoto wamekua, wanakula kama watoto wanavyokula, mnajua wenyewe. Akasimama kwenye ule mstari, akaona mahindi yalivyobeba, akamwambia mkewe, "Hawa hawajalima, hawajapalilia. Tunawalisha kwa lipi?"

"Baba watoto, haya tuliyakuta."

"Hata utitiri bandani tuliukuta."

Akauvuna. Majirani walipokuja na vikapu vyao, wakakuta mabua matupu. Hawakugombana naye. Walirudi kwao na vikapu vitupu, naye akafurahi kwamba kumbe jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo. Niwaulize, ni wangapi humu tumewahi kumnyima mtu, akanyamaza, tukadhani yamekwisha?

Msimu uliofuata mahindi yakakubali sana. Yalipoanza kukauka, tembo wakashuka. Yule bwana alipoamka alikuta shamba zima limelala, mabua yamesagwa kwenye matope, kilichosalia hakijazi hata debe. Ndicho kilichokuwa chakula cha watoto wake cha mwaka mzima. Akakaa chini palepale akalia, na mwanamume akilia hivyo jueni yamemfika shingoni.

Machozi yalipokauka zikaja hasira. Akapanda kwa majirani, akamkuta mama mmoja mtu mzima anaanika uyoga kwenye jamvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tembo wamepita hapa kwenu. Hamkuwasikia?"

"Tuliwasikia."

"Tangu nikiwa mtoto nawasikia mkipiga ngoma, nawaona mkichoma pilipili kavu kwenye kinyesi cha tembo mpaka wanarudi. Mwaka huu mbona mmewaachia shamba langu?"

Yule mama aliendelea kugeuza uyoga wake. "Mwanangu, shamba lako hatujawahi kulilinda hata siku moja. Tulikuwa tunalinda mstari wetu. Lako lilikuwa nyuma yake."

Nawaacha na hilo kidogo.

Miaka yote ile alijiona ndiye anayewalisha wale watu. Hata kuwanyima aliona ni haki yake, maana jasho ni lake. Na sisi je, si ndivyo tulivyo? Tunaomba Mungu atulinde, naye anatulinda kwa mikono ya watu ambao tukiwaona mlangoni tunauliza wamekuja kuomba nini tena. Inauma, lakini ndivyo tulivyo.

Najua mmeshaanza kutazama saa, basi niseme ninapotaka kufika. Baada ya ibada wazee wa kanisa wana kikao, na kinachojadiliwa ni kufunga bomba letu la maji, kwa sababu watu wa kule bondeni wanachota na hawasali hapa. Ni kweli hawasali hapa. Wengine hata salamu hawatupi.

Lakini paa la jiko letu liliposhika moto mchana ule wa Jumatano, sisi tulikuwa wapi? Kila mtu alikuwa kwenye shughuli zake. Tulipofika tulikuta moto umezimwa, ukuta umelowa, na kina mama wa bondeni wameshika ndoo tupu. Walikuwa bombani wakichota. Ndiyo maana moto waliuona wao.

Nimesikia kufuli limeshanunuliwa. Aliye nalo asione haya, alilete hapa mbele kabla hatujaimba wimbo wa mwisho.